Ni kawaida, utazoea

Kuna jibu moja ambalo ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku katika kila wodi, kila kliniki na kila dirisha la dawa, Musoma, Bunda na Butiama. Jibu lenyewe ni hili: "Ni kawaida, utazoea."

Unalijua. Umeshaambiwa wewe, au ameambiwa mama yako. Mtu amepewa vidonge, anarudi baada ya wiki mbili. Nesi, miguu inawaka moto. Nesi, nikisimama kichwa kinazunguka. Nesi, tangu nichome ile sindano sijakauka damu. Anajibiwa bila hata kuangaliwa usoni: ni kawaida, utazoea. Haya, mwingine!

Kabla hamjanirukia, hii si makala ya kuwatukana manesi. Za namna hiyo zipo tele, na nyingi zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kukesha wodini hata usiku mmoja. Mimi nina hoja nyingine. Nasema hivi: kazi kubwa ya muuguzi kwenye dawa si kuchoma sindano wala kugawa vidonge. Kazi kubwa inaanza dawa ikishaingia mwilini. Daktari anaandika na kuondoka, mfamasia anahesabu na kufunga dirisha. Anayebaki na yule mgonjwa, akiona dawa inamfanya nini, ni muuguzi peke yake. Na hiyo ndiyo kazi ambayo hatujampa muda wa kuifanya, hatujampa karatasi ya kuiandika, wala sauti ya kuisema. Tumemgeuza mgawaji. Halafu tunashangaa anajibu kama mgawaji!

Tuanze na lugha, maana lugha inafichua mengi. Kwenye kliniki zetu madhara ya dawa yana jina lake la mapenzi: "maudhi madogo madogo". Nenda kliniki ya uzazi wa mpango yoyote utalisikia. Madogo kwa nani, jamani? Mama anayechoma Depo akatokwa damu mwezi mzima, analala kitanda kimoja na mume asiyeelewa kinachoendelea, na hawezi kuswali wala kufunga kwa amani, huyo ukimwambia ni maudhi madogo unamtania. Na ile sindano haitoki. Ikishaingia ni miezi mitatu, upende usipende. Kwa hiyo maelezo yanatakiwa kutolewa kabla ya sindano, si baada. Baada ya sindano yanakuwa rambirambi.

Sasa nikupeleke kwenye wodi ya wazazi, maana huko ndiko hoja yangu inakuwa suala la kufa na kupona.

Mama mjamzito analetwa kwa bodaboda kutoka kijijini, kavimba miguu na uso, presha iko juu, ameshadondoka degedege mara moja njiani. Kifafa cha mimba. Dawa yake inajulikana dunia nzima, ni magnesiamu salfeti. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kuwa kwa wajawazito wenye dalili za hatari dawa hii inapunguza uwezekano wa kupata degedege kwa zaidi ya nusu. Bei yake si ya kutisha. Ni dawa nzuri kweli kweli.

Lakini ni dawa inayotaka mlinzi. Anayeitoa ni muuguzi mkunga: gramu 4 polepole kwenye mshipa, halafu gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, na baada ya hapo gramu 5 kila baada ya saa 4 mpaka saa 24 zipite tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho. Dawa hiyo hiyo inayozuia degedege, ikizidi mwilini inaanza kuzima misuli. Kwanza goti linaacha kuitika ukiligonga. Ikizidi zaidi pumzi inapungua. Ikizidi zaidi ya hapo moyo unasimama. Inatoka mwilini kwa njia ya figo, kwa hiyo mama asiyekojoa anaikusanya ndani kimya kimya huku amelala.

Ndiyo maana kabla ya kila sindano mkunga anatakiwa kuhakikisha mambo matatu. Pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Goti liitike. Mkojo uwe umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, sindano inasubiri. Na pembeni ya kitanda iwepo kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo ndiyo kinga yake, ikiwa tayari kwa kuvutwa, si ya kwenda kutafutwa stoo ambayo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani.

Sasa piga hesabu na mimi. Kuhesabu pumzi vizuri ni dakika nzima. Kugonga goti, kupima presha, kusoma mfuko wa mkojo, kuandika kwenye chati. Sema dakika 6 au 7 kwa mama mmoja, kila saa. Nimewahi kukaa usiku mmoja katika kituo ambacho sitakitaja, ndani ya hizi wilaya tatu, muuguzi akiwa mmoja kwa leba na wodi ya waliojifungua kwa pamoja. Wawili walikuwa wanasukuma kwa wakati mmoja. Na yule wa magnesiamu alikuwa kitanda cha pembeni, karibu na dirisha. Yule dada alikuwa anakimbia. Sitanii, anakimbia, na kila akipita pale anamgusa mama mguu na kumwita jina ili asikie kama anaitika. Hiyo ndiyo chati aliyoweza. Mama yule alipona, na mtoto pia. Asubuhi chati ilikuwa na nafasi nyingi tupu, na aliyekuja kukagua alianza kwa kumfokea kwa sababu ya nafasi tupu.

Mimi nikajiuliza, kosa lipo hapa kweli, lakini la nani?

Chuoni wanawafundisha haki tano za utoaji wa dawa, na kila muuguzi wa nchi hii anaweza kukutajia hata akiwa usingizini: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Safi sana. Ila angalia, zote tano zinaisha pale dawa inapoingia mdomoni au kwenye mshipa! Vyuo siku hizi wanaongeza nyingine, ya kuandika na ya kufuatilia, lakini mitaani bado ni zile tano, na zile tano tunazipima kwa bahasha ndogo iliyoandikwa "1x3". Mgonjwa anaambiwa kutwa mara tatu. Haambiwi akiona nini arudi haraka, akiona nini avumilie, na akiona nini aache kabisa siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo watu wanaponijibu, na ni jibu la watu wenye akili zao, kwa hiyo tulijibu kwa heshima. Wanasema: ukimweleza mgonjwa wa kwetu madhara yote ataogopa, ataacha dawa. Bora asijue.

Kwanza naikataa hiyo "mgonjwa wa kwetu". Mvuvi wa Mwigobero anayejua upepo wa ziwa kwa kunusa hawezi kushindwa kuelewa kwamba dawa fulani inaleta kizunguzungu siku tatu za mwanzo. Pili, tayari tuna ushahidi, tena hapa hapa. Waangalie wagonjwa wa kifua kikuu. Rifampisini inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, wengine wanaita mwekundu kabisa, hata jasho na machozi yanaweza kubadilika. Fikiria mtu ambaye hajaambiwa anaamka asubuhi anakojoa mkojo wa rangi hiyo. Angemeza tena? Lakini kliniki za kifua kikuu wamejifunza kusema mapema: mkojo utabadilika, usiogope, ila macho yakiwa ya njano njoo mbio siku hiyo hiyo. Sentensi moja tu. Na watu wanaendelea na dozi mwezi baada ya mwezi.

Kwa hiyo anayekimbiza wagonjwa si maelezo. Ni mshtuko. Na aliyeshtuka haji kulalamika. Anaacha kimya kimya, halafu siku ya kliniki anakwambia anameza.

Nina mfano wa nyumbani. Mama yangu mdogo yuko Butiama, ana presha. Alianzishiwa enalaprili. Baada ya wiki chache akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisicho na makohozi, kinamkamata zaidi usiku. Kituoni alipokuwa anahudhuria akaambiwa, mnajua tayari, ni kawaida, kifua cha vumbi. Akapewa amoksilini. Akapewa dawa ya maji ya kikohozi. Akapimwa makohozi mara mbili, hakuna kitu. Miezi minne! Majirani wameanza minong'ono yao, wengine wanamhamishia vikombe. Na kwa sababu kikohozi kilikuwa kinapungua akisahau vidonge, akaanza kuvisahau kwa makusudi. Siku mbili kabla ya kliniki ndiyo anameza. Alipopimwa kwa bahati tu kwenye zahanati nyingine, presha ilikuwa 190 kwa 110.

Hapo ndipo alipokutana na muuguzi mdogo, binti wa umri wangu. Alimwamkia vizuri, shikamoo mama, akamkalisha, akamuuliza swali moja ambalo hakuna aliyeuliza miezi minne: "Mama, kukohoa kulianza kabla ya vidonge vya presha au baada?"

"Baada, mwanangu."

Basi. Akaenda mwenyewe mpaka kwa daktari, dawa ikabadilishwa kuwa losatani, na baada ya wiki kadhaa kifua kimya. Kikohozi cha enalaprili na kaptoprili si siri ya mizimu, kimo kwenye vitabu vyote. Katika wagonjwa 100 kinaweza kuwapata 10 hivi. Swali lenyewe linachukua sekunde ngapi? Mama mdogo aliponisimulia alisema, nilidhani ndiyo kawaida yenyewe nisubiri nizoee. Neno moja lile lingeweza kumpa kiharusi.

Na historia yetu ya ARV inasema jambo hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Serikali ilianza kugawa ARV bure Oktoba 2004, na kwa miaka mingi vidonge vya mwanzo kwa wengi vilikuwa na stavudini ndani yake, ile Triomune ambayo wakubwa zetu wanaikumbuka. Viliokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini stavudini iliunguza mishipa ya fahamu ya miguuni na kumaliza mafuta mashavuni, mtu akapona halafu uso ukawa unamtangaza barabarani. Aliyeanza kusikia malalamiko hayo ni nani? Ni yule aliyekuwa anakutana na mgonjwa kila mwezi kwenye kliniki, na mara nyingi huyo alikuwa muuguzi. Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiondoe stavudini mwishoni mwa 2009. Leo watu wengi wako kwenye dolutegraviri, dawa ya afadhali kabisa, nayo ina yake: usingizi unaweza kukatika, uzito unaweza kupanda. Kwenye kliniki za ARV angalau wamejifunza kuuliza kila hudhurio. Mgonjwa wa presha, wa kisukari, wa kifafa, anayetoka mlango wa pili wa hospitali hiyo hiyo, haulizwi. Kwani miguu yake ni ya bei rahisi?

Usiponielewa kwa ya mtu mmoja, chukua ya halaiki. Mwaka 2008 kule Morogoro watoto wa shule za msingi waligawiwa dawa za kichocho na minyoo. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Inauma tumbo, inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, hasa kwa mtoto mwenye vimelea wengi, na hasa akiwa hajala. Waliogawa ni walimu. Watoto walipoanza kuugua, uvumi ukaenea kwamba kuna waliokufa, wazazi wakavamia shule kuokoa watoto wao, polisi wakaingia kati, ugawaji ukasimamishwa. Dawa haikuwa sumu. Kilichokosekana ni mtu mwenye ujuzi aliyesimama mbele ya wazazi SIKU MOJA KABLA akasema: mtoto ale kwanza, anaweza kuumwa tumbo jioni, itapita, na ikizidi mlete kwangu. Sisi tuliokulia pembeni ya ziwa hili, ambao watoto wetu wanaoga na kichocho, tulipaswa kuisoma ile ya Morogoro kama barua iliyoandikwa kwetu.

Sasa karatasi. Tanzania ni mwanachama wa mpango wa dunia wa kufuatilia usalama wa dawa tangu mwaka 1993, mpango ambao taarifa zake zinakusanywa Uppsala, Sweden. Hapa nchini kazi hiyo iko chini ya TMDA, ambayo kabla ya 2019 ilikuwa TFDA. Ipo fomu ya njano. Muuguzi anaruhusiwa kuijaza. Hahitaji sahihi ya daktari, hahitaji kuthibitisha kwamba ni dawa ndiyo iliyoleta madhara. Fomu haidai ushahidi, inadai shaka tu. Hata mgonjwa mwenyewe ana haki ya kutoa taarifa. Fanya jaribio dogo: siku ukienda kumwona mgonjwa, muulize muuguzi kwa upole, dada, fomu ya njano iko wapi? Mimi nimeuliza sehemu kadhaa. Kuna aliyeitoa kwenye droo mara moja, nikafurahi. Kuna aliyesema iko ofisini, imefungiwa. Na kuna aliyenieleza kitu kilichoniuma zaidi: aliwahi kuijaza, akaulizwa na wakubwa zake anatafuta nini, anataka kukiharibia kituo jina?

Unaona tatizo? Aliyeona kwa macho yake ameambiwa asione.

Manesi nao wasikae wakidhani nimewapa msamaha wote. Uhaba wa watu hauelezi kwa nini mtu anamfokea bibi wa miaka 70 kwa sababu ametapika dawa. Hauelezi kwa nini swali la aleji linaulizwa baada ya Septrin kumezwa, wakati dawa za jamii ya salfa zinaweza kumbabua mtu ngozi mpaka mdomoni. Neno moja kwa kalamu nyekundu juu ya daftari la mgonjwa, "ALEJI: SALFA", halihitaji mfadhili. Yule binti wa losatani naye alikuwa na foleni. Ni kweli wengine mmechoka, lakini wengine mmezoea, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Ila mzigo mkubwa nauweka kwa wenye mafungu. Mkoa wetu unapenda majengo. Ile hospitali ya rufaa pale Kwangwa, yenye jina la Mwalimu, ilianza kujengwa miaka ya 1970 na ikachukua miaka kama arobaini hivi kuanza kupokea wagonjwa. Tuliisubiri, tukaipata, tunashukuru. Lakini ukuta hauhesabu pumzi za mama aliyechomwa magnesiamu saa 9 usiku. Utepe ukishakatwa na picha zikishapigwa, zamu ya usiku inabaki na nani?

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na hayahitaji semina Dodoma. Muuguzi wa pili kwenye zamu ya usiku ya wodi ya wazazi, kokote magnesiamu inakotolewa. Fomu ya njano kwenye toroli la dawa badala ya kabati la mkuu, na anayeijaza asiitwe ofisini kujieleza. Swali la "umeona mabadiliko gani tangu uanze dawa?" liandikwe kwenye kadi ya kila kliniki ya presha na kisukari, lenye nafasi ya jibu, kama linavyoulizwa kwenye ARV.

Musoma, Bunda na Butiama kwa pamoja zina halmashauri tano, na zahanati na vituo vya afya vya serikali viko chini ya hizo hizo. Madiwani wanakaa kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Nimeanza kuzunguka kwa madiwani ninaowafahamu, nawaomba waulize jambo moja tu kikao kijacho: wodi yenu ya wazazi ina wauguzi wangapi saa 9 usiku? Wawili wameshanikubalia. Mmoja aliniuliza, kwani si wanakuwa wamelala saa hizo?